Injini ya Ziwani Huku Mlimani

Keumbu,
Juni 1968.

Kwa ndugu yangu Momanyi,

Pokea salamu zetu sote wa nyumbani. Habari za Kisumu na joto la huko? Nyamusi na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, Mungu ashukuriwe, ingawa uzima wangu mimi ni wa kusimama tu. Mgongo unauma, mikono inanuka dizeli hata nikila ugali, na usingizi nimeusahau.

Uliniuliza ile injini ya mashua uliyomtafutia Baba huko ziwani inaendeleaje. Inaendelea kupata moto. Nilipoitwa nitoke gereji Ogembo nije niitazame, nilidhani ni kazi ya siku moja. Sasa mwezi unaisha, na tajiri wangu ameshanitumia neno kwamba mafundi wanaotafuta kazi ni wengi.

Wewe waijua ilivyo. Ndani ya mashua ilivuta maji ya ziwa, yakapita mwilini mwake kuipoza, kisha yakamwagwa nje, na ziwa haliishi. Huku Baba ameifunga kwenye mashine ya kusaga, juu kabisa kando ya barabara, ili kila aendaye sokoni aione. Badala ya ziwa kuna pipa. Inasaga nafaka ya wimbi ya akina mama wachache, halafu inaanza kufoka mvuke kama birika la chai, na Baba ananiita kwa sauti ambayo hata mbuzi wa jirani wameshaizoea.

Nimefanya yote ninayoyajua. Nilifungua pampu ya maji nikakitazama kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji, nikakikuta kizima. Nikazibua mabomba, nikatoa tope la ziwa na konokono waliokauka. Nikabadilisha gasketi na oili. Wapi! Jambo moja lilinitatiza: Jumapili inasaga vizuri tangu asubuhi hadi jioni, Jumatatu inaanza kulalamika, na ikifika Alhamisi haishikiki. Baba akasema labda nayo imebatizwa, inaitaka Sabato yake ya Jumamosi kama sisi. Nilicheka siku ya kwanza tu.

Ijumaa iliyopita injini ilipochemka nilichungulia ndani ya pipa, nikaona maji yamebaki kidogo na yenyewe yana moto. Nikatafuta mtu wa kuongeza. Ndugu yangu, siku zote hizo naliona pipa lina maji, wala sijauliza yanatoka wapi. Nikateremka njia ya mtoni, nikamkuta Mama ameketi chini ya migomba, debe liko kando, miguu imevimba hata vifundo havionekani. Ndiye anayelijaza, peke yake, tangu injini ilipofika. Sabato anapumzika, kwa hiyo Jumapili ana nguvu. Ikifika Alhamisi zimekwisha. Mimi fundi nilikuwa napima joto la injini, kumbe napima uchovu wa mama yangu. Niliona aibu nikashindwa hata kumwamkia.

Nilimwambia twende tumweleze Baba. Akakataa katakata. Alisema dresa wa zahanati amemwonya kwamba moyo wake umechoka, asibebe mizigo. Lakini tangu tulipomzika mdogo wetu Ondieki, hajamwona Baba akicheka na watu kama anavyocheka pale penye mashine, na yeye hatamnyang'anya kicheko hicho kwa sababu ya miguu. Akaniapisha nisiseme.

Sasa sikia nililolifanya, kisha unihukumu. Jumapili, kabla watu hawajafika, nilikitoa kile kigurudumu cha mpira nikakitia mfukoni. Nikamwambia Baba injini imekufa kwa kiu, kwamba inataka maji mengi kuliko mtu awezavyo kubeba. Nilidhani yamekwisha, Mama atapumzika.

Jana asubuhi nikamwona Baba anapanda kutoka mtoni, amepita katikati ya mahindi ili asionekane barabarani, debe begani, koti lake la kanisani limelowa. Baba yetu, ambaye hajateka maji tangu alipotahiriwa! Aliponiona alitazama chini. Akasema kama maji yanamshinda mmoja, basi watabeba wawili. Akasema pia kwamba miguu ya Mama ameiona kitambo, ila aliona haya kuuliza, kwa kuwa alijua jibu lake lingemfungia mashine. Akaniomba nisimwambie Mama kwamba ameiona.

Pipa limejaa hadi linamwagika, Momanyi, na injini haiwezi kunywa hata tone kwa sababu yangu. Nimelia, sikufichi. Huyu ana siri, yule ana siri, na mimi katikati nimechoka kuwatunzia. Kesho nitaukiri uongo wangu kwa Baba na kukirudisha kigurudumu mahali pake. Halafu nitashuka naye mtoni mchana kweupe, turudi kwa njia ya barabara, Mama ameketi kivulini anatutazama. Wa kucheka na acheke.

Mama anakusalimu, na Baba pia, ingawa anajifanya ana shughuli. Nisalimie Nyamusi na uwabusu watoto. Ukipata ruhusa kazini, njoo. Usijisumbue kununua kipuri chochote. Njoo na mabega yako.

Ndimi mdogo wako,
Mogire