Fumbo la Wafaa

Shoga, uko wapi? Thuwaiba wamemchinja leo, na kisu kakishika mwenyewe!

Si unajua anavyojigamba na yale mafumbo, kila herufi imebadilishwa na nyingine? Leo tuko barazani tunasuka ukili, wifi yake Wafaa kamletea moja.

Akalifumbua kwa sauti, neno baada ya neno, anacheka. "Kaka... anaoa..."

Kicheko kikakatika. Mdomo ukamalizia wenyewe: "...Ijumaa."

Na kaka yake Wafaa ni nani kama si Suhail, mume wa Thuwaiba!

Sote pale tulijua, shoga. Sote! Hata pilau tumeshagawiana nani atapika.

Wafaa akatazama simu. "Dakika nne, wifi! Umevunja rekodi. Jamani, mpigieni makofi."

Tukapiga.