Abee Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Dada Miwani amekuja tena. Anafanya kazi na Mama kwenye maabara ya hospitali, benchi moja, na sasa wote wawili wanasoma masomo ya uzamili jioni wakitoka kazini. Jina hilo nimempa mimi. Miwani yake mikubwa kama vioo vya lori. Hajui kwamba namwita hivyo.

Kazi ya kumsikiliza Mama ilikuwa yangu. Nilikaa jikoni juu ya ndoo iliyogeuzwa, yeye anakata vitunguu, mimi namwuliza maswali kutoka kwenye kadi zake. Akikosea nasema, "Piii!" kama ile mashine yao ya kuzungusha damu inapogoma. Tulicheka sana.

Leo kadi zilikuwa mikononi mwa Dada Miwani. Tena amekaa kwenye kiti. Kiti!

Jumatano, 5 Machi

Jumamosi Mama atasimama mbele ya walimu wake kueleza utafiti wake: kipimo cha haraka cha malaria kikilinganishwa na darubini. Akifaulu, amemaliza. Asipofaulu, anarudia mwaka mzima — na Mama amechoka, siku hizi anasinzia na kijiko mkononi. Mwalimu wake amesisitiza kwamba atakuwepo msikilizaji mmoja ambaye si mtu wa maabara, na huyo lazima aelewe kila kitu.

Mtu ambaye si wa maabara. Mimi je?

Nilikuwa nje nafua soksi, Mama akaita, "Mwanangu!" Nikaitika, "Abee!" Na kule sebuleni, wakati uleule, Dada Miwani naye, "Abee!"

Abee mbili!

Aliitwa yeye. Mama alitaka kalamu nyekundu. Kalamu yenyewe ni yangu.

Dada Miwani akatoka, anacheka. "Samahani mdogo wangu, kazini Mama ananiita hivyo." Nikamwambia hakuna tabu. Tabu ilikuwepo.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi sebuleni, mlango wazi kidogo. Mimi na Bibi tulikuwa jikoni tunachambua mchele. Mama, kwa sauti yake ya hotuba, akasema kwamba katika kituo cha afya alichofanyia utafiti wagonjwa hasi walikuwa wengi kuliko wagonjwa chanya.

Bibi akaacha mchele.

"Wamehasiwa?"

"Nani, Bibi?"

"Hao wagonjwa! Si anasema wagonjwa hasi? Sisi tulikuwa tunahasi madume ya ng'ombe ili yatulie, yavute jembe. Sasa mtu kaja na homa yake tu, unamhasi ya nini?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Kisha nikamweleza: maabara wakisema hasi, maana yake vimelea havikuonekana. Chanya, vimeonekana.

"Kumbe chanya ndiye mgonjwa? Mimi ningeambiwa chanya ningepiga vigelegele. Si aseme tu vimeonekana, havikuonekana?"

Na Dada Miwani? Hakucheka. Hakusikia kitu. "Safi sana, Mama!" Atasikiaje, wakati sikio lake na la Mama limekuwa sikio moja?

Bibi akasema niende nikamwambie Mama. Nikajibu kwamba Mama ana msikilizaji wake.

"Wivu huo, mjukuu wangu. Unakutoka mpaka puani."

Si wivu.

Ni wivu.

Ijumaa, 7 Machi

Sijamwambia. Darasani nimeandika "mbio za hasi" badala ya "kasi". Mwalimu wa Kiswahili akalizungushia duara, akaniangalia kwa huruma.

Mama akaniuliza mbona nimepoa. Nikasema kichwa tu. Akanishika paji la uso — mkono unanukia spiriti na sabuni ya kazini. Nilitaka kusema palepale. Neno lilikuwa ulimini! Simu ikalia. Nani mwingine kama si Miwani.

Nikimwambia, Dada Miwani atasema, "Hata mimi nilihisi hivyo." Namjua.

Simjui, kusema kweli.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi. Naandika kitandani. Mama amevaa gauni la buluu, la siku kubwa. Dada Miwani amekuja kumsindikiza. Nimempita sebuleni anafuta miwani kwa upindo wa blauzi. Bila miwani ni msichana tu. Ana uso wa mtu anayetafuta mlango gizani.

Mama anarudia mara ya mwisho. Amefika kwa wagonjwa hasi... Amesimama. Anamwuliza Dada Miwani kama mtu wa nje ataielewa sentensi hiyo.

"Mimi naielewa, Mama." Halafu polepole, "Lakini mimi si mtu wa nje."



Teksi inapiga honi. Bibi anakohoa jikoni, kikohozi cha makusudi kabisa.

"Mwanangu!"

Nimebana pumzi. Naisubiri abee ya sebuleni.

Haijatoka.

"Mwanangu!"

Bado haijatoka. Naye anasubiri, nadhani. Anaisubiri yangu, na yangu iko hapahapa kooni —