Elisi Iliyorudishwa Mbele

Fundi wangu,

Nakuandikia nikiwa Gitega, kwenye benchi ya karakana, wenzangu wamekwenda kula. Hakuna atakayeisoma barua hii, na wewe mwenyewe huwezi, kwa hiyo nitaandika ninavyotaka. Ulikuwa unaniambia kwamba nina mdomo. Leo acha niutumie.

Nianze na linaloniuma kuliko yote: sikukuzika. Ismaili mwanao alinipigia asubuhi kunieleza kwamba kile kifua kimekushinda usiku, na kwa kuwa kwenu maiti hailazwi, ulikuwa umeshafukiwa kabla mimi sijapata gari. Petroli hakuna, Fundi. Unaijua stendi ya hapa siku isiyo na petroli, watu wamekaa juu ya mizigo yao kama waliosahauliwa. Nilipata kiti jua limeshageuka, tukapitia Karuzi, nikafika Muyinga watu wanakunja mikeka. Mkeo, Mama Zuhura, alinishika mkono akasema, "Amekungojea sana." Nilitaka kumuuliza nani anangoja akiwa ndani ya sanda. Nikalia.

Tangu uondoke mambo hayajawa mazuri, na sitakudanganya kwamba yatakuwa. Chumba chako cha barabara ya soko mwenye nyumba amempa mtu anayeuza makava ya simu. Misumari yako ya kutundikia zile ndege zako za mbao bado iko ukutani, ila sasa inaning'iniza makava ya rangi rangi. Ismaili ameivuka mipaka na biashara zake za Tanzania, patasi na randa zako zimetawanyika kwa mafundi wengine. Mimi natengeneza vitanda na milango. Mama yangu kule Bukirasazi anasema nishukuru, maana wenzangu wa shambani wanatamani hata hicho. Nashukuru. Lakini nikimaliza mlango nausimamisha ukutani na sioni sababu ya kuutazama mara ya pili.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Tulikuwa tumerudi kutoka kambini Tanzania, wazazi wakapitiliza kwenda kulima, mimi nikaachwa Muyinga kwa shangazi nitafute ufundi. Majirani walikuambia msichana hawezi msumeno. Ukawajibu, "Mumuache. Akikata kidole, atajua iko na ngapi." Tangu siku hiyo ukaniita Mtanzania. Lile panga linalozunguka puani mwa ndege nililiita pangaboi, kama tulivyosema kambini, nawe ukacheka mpaka ukakaa chini. "Pangaboi iko ya kupunga hewa mu biro ya wakubwa! Hii ni elisi, binti, elisi." Basi ikawa elisi.

Na zile kurasa. Muuza karanga alikuwa anafungia karanga zake kwa kurasa za gazeti la Kifaransa lililochanika, lenye picha za ndege za kivita za mwisho wa vita kuu ya wazungu. Ulivyoona ukurasa wa kwanza, ulikula karanga mpaka tumbo likakuuma, ili upate zilizobaki. Mama Zuhura alidhani umerogwa. Hukutaka ndege za kawaida, zile kila mtu anazijua. Ulitaka za ajabu: ile ya Wajerumani yenye elisi mbele na nyingine mkiani, ile ya Wamarekani ya duara, ambayo wewe uliiita chapati, na ile ya Wajapani, Shinden, yenye mabawa madogo puani, makubwa nyuma, na elisi yake mkiani kabisa. Zote zilikuja vita vinaisha. Nilikusomea kwenye simu yangu kwamba Shinden iliruka mara tatu tu, kisha vita vikaisha. Ulikuwa umeshika msasa, ukautua. Ukasema, "Maskini. Imefika watu wanakunja mikeka." Neno hilo lilinirudia siku ile nilipofika kwako.

Niliwahi kukuuliza ndege itaendaje ikiwa elisi iko nyuma. Ukanionyesha barabarani mtu mwenye baiskeli iliyojaa ndizi, kinga kama ulivyoiita, anapanda kilima amejikunja nyuma yake. "We unaona ile kinga iko na muzigo? Anaivuta mbele? Hapana. Anaisukuma. Voilà." Nikaelewa, na sijawahi kusahau.

Watu wa sokoni hawakuelewa. "Fundi, umeibandika kinyume!" Walikuwa wakipita makusudi kukucheka, na wewe ulicheka nao, ukaendelea kuchonga mti wako wa musave. Kila elisi uliifunga kwa msumari mwembamba wenye ushanga katikati, ili mtoto akikimbia na ndege izunguke. Mama Zuhura alikuwa pale mlangoni na karai lake la sambusa, akisikia kila neno. Nilidhani na yeye anacheka. Sikuwahi kumtazama usoni vizuri.

Mara ya mwisho tuliposema kwa simu, nikiwa nimeshahamia Gitega, kikohozi kilikukata mara mbili, lakini ulikuwa na furaha. "Mtanzania, Shinden nimeipatia. Hii yako. Ukiwa nayo mu mkono utakata zingine, hata mi nikiwa siko." Ulikuwa umeshindwa nayo mara nyingi, unakumbuka, mara bawa dogo linapinda, mara mkia unakuwa mzito. Nilikuambia nitaifuata sikukuu. Ndiyo niliyokuwa naitegemea, Fundi. Picha ya simu haina unene. Haikuambii bawa lile lipungue wapi, wala elisi ya nyuma ichongwe kwa mlalo gani. Mikono yako ndiyo iliyojua, na ulikuwa umeyaweka yote kwenye kipande kimoja cha mti ili mimi niyachukue.

Nilikuja kwenye arobaini yako. Hitima ilisomwa vizuri, pilau lilikuwa la kutosha, na watu walikutaja kwa wema. Kisha Mama Zuhura akaagiza ndege zako zote zitolewe, zigawiwe watoto wa madrasa ziwe sadaka yako. Zikapangwa kwenye mkeka, zimepigwa vanishi, zinang'aa. Nilizitazama kutoka mbali, nikaona kuna kitu si sawa, na sikujua ni nini mpaka nilipoinama.

Elisi zote zilikuwa mbele, Fundi. Zote. Hata ile ya Wajerumani ya elisi mbili, ya nyuma imeng'olewa na tundu lake limezibwa kwa unga wa mbao.

Mama Zuhura yuko kwenye eda, hatoki, alikuwa amekaa chumbani na nguo zake nyeupe. Nilipoingia alitabasamu, mara ya kwanza tangu ufe. Akaniambia, "Mi nilikuwa naona vile wanamucheka. Ndege gani iko na elisi nyuma? Alikuwa muzee, macho yalikuwa yamechoka, mi sikutaka kumwambia. Donc nimekaa hapa na eda yangu, nimezirudisha zote mbele, moja moja, na kole yake ya kugandisha mbao. Sasa hakuna wa kumucheka." Kisha akanionyesha kopo la majani ya chai. Alipozing'oa elisi zilidondoka shanga, na shanga zile alizijua. "Kumbe ndiye mwizi wa mukufu wangu!" Alicheka mpaka akajifuta machozi. Amezihifadhi humo; eda ikiisha atazitunga upya, azivae. Nilicheka naye. Ningefanya nini?

Shinden yangu hakuiweka mkekani. Aliitoa chini ya mto, imefungwa kwenye kitenge. Kwa ndege hii alikuwa amejitahidi zaidi, kwa kuwa wewe ulisema ni yangu. Elisi ameigundisha puani. Yale mabawa madogo ameyang'oa akayapeleka mkiani, mahali yanapokaa kwenye ndege ya kila siku, na kwa kuwa hayakukaa sawa ameyachonga upya kwa kisu cha jikoni, akayapiga msasa. Kazi safi. Miaka yote ile mlangoni alikuwa anatutazama mikono, na amejifunza. Ningeikuta imevunjwa na panya nisingeumia hivi. Nimeshika ndege kama zinazoshuka Bujumbura, na yako haimo tena.

Nje watoto walikuwa wanakimbia nazo huku na huku. Hakuna elisi hata moja iliyozunguka, gundi imezishika.

Nimekasirika, Fundi, na sina wa kumkasirikia. Siwezi kumkasirikia yeye. Nakukasirikia wewe kidogo. Ulinieleza mimi habari ya baiskeli ya ndizi, na yeye uliyelala naye nyumba moja hukumweleza. Ulidhani anajua. Au ulidhani hajali. Naye akakaa miaka na aibu aliyoibeba kwa niaba yako, hakukwambia, akakusubiri ufe ndipo akufichie kosa ambalo hukulifanya.

Juzi nilijaribu. Nilifunga kitambaa cha maji ya moto kwenye pua ya ndege, gundi ilegee, nikidhani nikiipata elisi peke yake angalau nitaujua ule mlalo. Nilipoinamia kutazama nikaona alama ya dole gumba lake ndani ya gundi, imekauka pale alipobonyeza akangoja ishike. Nilikifungua kitambaa. Na hata ningeendelea, mabawa yale madogo hayawezi kurudi yalivyokuwa, amekwisha kuyapunguza. Maji yakimwagika hayazoleki. Nimechonga yangu mara mbili kwa kukumbuka, zote mbili zimeingia jikoni kwa mama mwenye nyumba wangu, zikawa kuni. Sitaipata. Nalisema hapa kwako ili nisiendelee kujidanganya nikiwa peke yangu.

Kwa hiyo ujue hivi: ulichokifanya maisha yako yote hakipo tena popote. Kuna ndege nzuri za kawaida mikononi mwa watoto wa Muyinga, na wanaozishika wanasema Fundi Rashidi alikuwa hodari. Hakuna anayekucheka. Kwa hilo Mama Zuhura amefaulu.

Wenzangu wanarudi, nawasikia uani, na kuna mlango wa mtu unanisubiri. Kwaheri, Fundi wangu. Ahadi niliyotaka kukuahidi, ya kuziendeleza ndege zako, nimeiacha, sitaiweza. Nakuahidi niliyo nayo: mkeo hatausikia ukweli huu kwangu. Hunipigia simu kila Ijumaa kuniuliza kama ndege inakaa vizuri, nami nitaendelea kumwambia, "Iko sawa, Mama, iko sawa kabisa." Nitamwambia hivyo mpaka mmoja wetu aondoke.

Na siku akija huko uliko, amevaa shanga zake, akakuambia alivyokurekebishia ndege zako, nakuomba usimsahihishe.

Ni mimi, Mtanzania wako.