Daraja la Kwenye Kalenda

Jumanne

Mdomo wangu huu utaniponza.

Nilimpeleka mama India kutolewa mtoto wa jicho, na wiki mbili nzima sikuona kitu zaidi ya korido ya hospitali. Lakini ukirudi safari bila zawadi wala hadithi, Kariakoo watakucheka mpaka ufunge duka. Basi Mama Neema, jirani yangu wa duka anayeuza vitenge, nikampa hadithi ya milima ya Meghalaya, hukohuko India, niliyoiona kwenye kalenda ya ukutani palepale wodini: maporomoko yanayomwagika kutoka mawinguni, na madaraja yaliyosukwa kwa mizizi ya miti iliyo hai. Nikasema nimeyavuka.

Zawadi nikampa majani ya chai ya hapahapa kwetu Njombe, nimeyafunga kwenye kitambaa chekundu. Alipoonja akafumba macho. "Shoga, hii si chai ya Bongo!"

Leo jioni kaja nyumbani, hapa Magomeni, meno yote nje. Yeye na mumewe wanaenda Meghalaya Desemba, na wanataka mimi niwaongoze. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka.

Akamgeukia mama. "Eti mama, lile daraja la mizizi linanesa kweli?"

Nikajua nimekwisha. Mama ni mtu wa swala tano, sijawahi kumsikia akidanganya.

"Linanesa sana, mwanangu," mama akajibu, hata kope hakupepesa. "Mimi mwenyewe nililivuka macho yamefungwa bendeji."

Kumbe huu mdomo sikuuokota njiani.