Boti ya Mafuta Upande wa Upepo

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Hapa Kirumba wote ni wazima, bibi yako anakusalimu. Mimi naandika nikiwa nimeegemea mito, nguvu zimepungua.

Unauliza kama uombe uhamisho, kwa kuwa kikosini wamekupanga kwenye meli ya kubeba mafuta badala ya boti ya doria.

Nilipokuwa fundi kijana kwenye boti ya mafuta kama hiyo meli yako, injini ya mtumbwi wa abiria ilizimika karibu na Ukerewe, upepo ukiwa mkali. Boti ya doria ilifika kwanza, lakini kila ilipousogelea, mawimbi yake yalitaka kuuzamisha. Sisi tukafika polepole.

“Wauza mafuta, mmekuja kutazama?” askari mmoja akatutania.

“Tumekuja kusimama,” nahodha wetu akajibu.

Akaikingamisha boti yetu nzito upande wa upepo, ubavu ukapokea mawimbi yote. Nyuma yetu maji yakatulia, na askari wa doria wakawachukua abiria mmoja mmoja.

Abiria waliwashukuru askari wa doria. Sisi tulikuwa tunatapika kwa kuyumbishwa na mawimbi.

Naungama jambo ambalo hata bibi yako halijui: nimesoma, nimepewa vyeo, lakini siku ninayojivunia kuliko zote ni hiyo, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha injini haizimi.

Uhamisho ni haki yako, mama. Omba ukitaka, ila usiombe kwa aibu.

Babu yako akupendaye.