Kigelegele Kilikuwa cha Boroni

Bi Tabia mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka kwa furaha na hofu pamoja. Mimi ni Mwanakheir wa Kikwajuni, nnasomea sayansi ng'ambo, na huko maabara tunaipasha moto boroni ndani ya chombo kisicho na hewa hadi itoe mvuke, mvuke ule unatua juu ya bamba la fedha, hii hii ya kufulia vikuku, na kujipanga kuwa utando mwembamba wenye unene wa atomu moja tu, lakini mwaka mzima utando wetu ukiota vipande vipande, nikarudi nyumbani likizo nimekata tamaa. Basi siku wazee wa kijana mmoja wa Malindi, Suud, walipokuja kuniposa, miye niko chumbani nangoja kuulizwa, simu ikaleta picha kutoka kwa mwenzangu wa maabara, utando umeenea bamba zima! Nikapiga kigelegele, Bi Tabia, nikaruka kitandani hadi chaga zikakatika, na sebuleni nikamsikia ami yangu Usi akisema, "Alhamdulillahi, kashakubali huyo!" Fatiha ikasomwa, halua ikaliwa.

Nami nilikuwa nataka kukataa kwa adabu, maana simjui. Lakini jioni Suud akanipigia kunishukuru, kwa kiwewe nikamweleza masomo yangu, naye akauliza, "Sasa huo utando mtaubanduaje kwenye fedha bila ya kuuchana?" Bi Tabia, ndilo swali linalotuumiza vichwa sote! Toka hapo sili, nacheka peke yangu. Ila yeye anajisifu Malindi nzima kwamba mchumba wake alimpigia kigelegele. Nimwambie ukweli, hata kama ataniacha, au ninyamaze?

*

Mwanakheir mwanangu, nimecheka hadi chai imenimwagikia, sasa kaa nikuseme. Kufurahi si kosa. Kosa ni kunyamaza Fatiha ikisomwa, na ami yako naye ana lake la kujibu, kwani idhini ya mwanamke haikisiwi nyuma ya mlango.

Mwite Suud nyumbani, mama yako akiwepo. Mwambie kilichokurusha kitandani, mwambie ulitaka kumkataa, na usiache kumwambia swali lake lilivyokugeuza, maana utamu wote uko hapo. Akikasirika, heri umjue leo. Akicheka, muulize kama yu radhi urudi kumaliza masomo, jibu alitoe mbele ya wazee. Kisha ami yako akuulize upya, nawe umjibu kwa ulimi wako, wote wakisikia.