Jiko Lako Limetangulia Kuchemsha

Mdogo wangu,

Nawahi karakana. Maharage yako jikoni, ukirudi kutoka sokoni uyaongeze maji. Mama ameze dawa akishakula, si kabla. ~~Usiguse mkasi wangu wa bati.~~ Haya, utumie, ila uufute.

Naondoka bila kukuaga kwa sababu nina wivu. Basi, nimeshasema. Miaka tisa nakata bati na baba, vidole vimejaa makovu, na sifa yangu kubwa kwake ni "inatosha." Wewe umeanza juzi tu. Umechukua debe bovu, patasi na nyundo, ukaunda jiko dogo la kuni, na leo asubuhi pale uani limechemsha maji kwa vijiti vitano huku langu likitutoa machozi kwa moshi. Baba akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyu ndiye aliyerithi mkono wangu!" Mbele yangu! Nikajifanya natafuta tupa ya kunolea.

Ulipotoka tu nikalipindua jiko lako nione siri yake. Kumbe umeacha nafasi chini ya vijiti, hewa ipite. Nikajaribu kukata kama wewe, bati likapasuka penye kona. Nimelificha nyuma ya mlango, usimwonyeshe baba.

Jioni nifundishe ile kona. Nitakaa kimya nisikilize, ingawa itaniuma.

Kaka yako mkubwa (kwa umri)